Kuzaliwa Mara ya Pili Si Maneno Matupu

Popote gazeti hili lilipokukuta, iwe kambini, kituoni, katika zamu ya usiku au nyumbani pamoja na watoto, nakuomba tuketi kwa muda mfupi tuzungumze juu ya jambo ambalo hutajwa mara nyingi na kueleweka mara chache. Jambo lenyewe ni kuzaliwa mara ya pili kwa neno la Mungu.

Hapa kwetu Namakwekwe, katika mji wa Mbale, halipiti juma bila ya kusikia vipaza sauti vikitangaza habari za wokovu. Mtu hukutana na jirani yake dukani, akaambiwa kwa furaha, "Mimi nimeokoka." Nasi humpongeza, maana ni habari njema. Lakini juma linalofuata tunamkuta jirani yule yule angali anadaiwa na mwenye duka, mkewe angali analia, na kopo lake la kupimia mahindi sokoni lingali limebonyezwa kitako ili lipime pungufu. Hapo ndipo watu huanza kunong'ona. Huuliza: basi huku kuzaliwa upya ni kitu gani? Je, ni neno la kutamkwa tu, au ni jambo litendekalo?

Swali hilo si la dharau. Ni swali la haki, na anayeliuliza anastahili jibu. Jibu langu leo ni hili: mtoto mchanga hujulikana kuwa yu hai kwa kilio chake, na mtu aliyezaliwa upya kwa neno la Mungu hujulikana kwa kurudisha kile kisichokuwa chake. Neno likiingia kweli ndani ya mtu, halikai kimya. Hutafuta deni, hutafuta jeraha, hutafuta jina la mtu lililochafuliwa, na humtuma mwenye kulisoma aende akatengeneze.

MZEE ALIYEKUJA USIKU

Asili ya maneno haya imo katika Injili ya Yohana, sura ya tatu. Palikuwa na mkubwa mmoja wa Wayahudi, jina lake Nikodemo, mtu mwenye elimu na cheo. Alimwendea Yesu usiku. Huenda aliogopa macho ya wenzake. Wenye vyeo wajua jambo hilo. Alipoambiwa kwamba mtu hana budi kuzaliwa tena ndipo auone ufalme wa Mungu, alistaajabu, akauliza jinsi mtu mzima awezavyo kurudi tumboni mwa mama yake.

Sisi tuishio chini ya Mlima Masaba, ambao ramani huuita Elgon, hatupaswi kumcheka mzee huyo. Katika miaka ya shufwa, kama vile 2022 na 2024, uwanja wa Mutoto karibu na mji wetu hujaa watu waliokuja kufungua majira ya imbalu. Kijana husimama mbele ya umati, hatikisiki, hapepesi macho, na baada ya dakika chache huhesabiwa kuwa mwanamume. Aliyekuwa mtoto asubuhi, jioni si mtoto tena. Hufundishwa kazi, hufundishwa heshima, na tangu siku hiyo hawezi kujitetea kwa kusema kwamba yeye ni mdogo. Basi Mmasaba ajua tayari kwamba mtu aweza kuingia katika maisha ya pili angali katika mwili ule ule.

Tofauti ni kwamba imbalu hufanywa kwa kisu, mbele ya ngoma na ndugu, na kuzaliwa kwa neno hufanyika ndani, mahali ambapo hapana mpiga ngoma. Lakini mambo hayo mawili yanafanana kwa jambo moja kubwa: hapana awezaye kusimama badala ya mwingine, na yeyote aliyesimama amejitwika wajibu.

Mtume Petro naye, katika waraka wake wa kwanza, sura ya kwanza, alilifananisha neno la Mungu na mbegu, tena mbegu ambayo haioi wala haifi, na akasema kwamba kwa mbegu hiyo waaminio wamezaliwa upya. Mkulima wa kahawa katika miteremko yetu aielewa mifano hii kuliko msomi wa mjini. Ukipanda mbegu ya kahawa, utangoja majuma sita au zaidi kabla ya kuona chochote juu ya udongo, kisha utangoja miaka mitatu au minne kabla ya kuchuma mavuno ya maana. Kwa hiyo tusimhukumu upesi mtu aliyeanza juzi. Lakini pia tusidanganyike: mbegu iliyo hai huota. Kama miaka inapita na udongo haujapasuka, yafaa kuuliza kama kweli kitu kilipandwa.

NENO HALIZAI LISIPOELEWEKA

Watu wengi hufikiri kwamba Biblia ilishuka mezani kwao ikiwa tayari katika lugha yao. La hasha! Watu waliifanyia kazi, na wengine waliilipia kwa thamani kubwa. Mmisionari Mjerumani Johann Ludwig Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Mwaka ule ule mkewe akafa, na mtoto wao mchanga naye akafa. Na mwaka ule ule Krapf akaanza kukitia kitabu cha Mwanzo katika Kiswahili. Kazi iliyoanzishwa hivyo iliendelezwa na wengi, Waafrika na wageni, hata ikapatikana mwaka 1952 ile Biblia nzima ya Kiswahili ambayo wasomaji wetu wengi wanayo nyumbani hadi leo.

Katika Uganda, Biblia nzima ya Kiganda ilikamilika mwaka 1896. Waliofanya kazi hiyo hasa ni George Pilkington, mzaliwa wa Ireland aliyesoma lugha za kale, pamoja na Henry Wright Duta, Mganda aliyekuwa mwalimu wa kanisa. Sasa sikiliza jambo la ajabu. Pilkington alikuwa akitafsiri maandiko kila siku, lakini mwaka 1893 alijiona yeye mwenyewe ni mkavu. Alikuwa anawapa wengine maji, naye ana kiu. Mwezi wa Desemba mwaka huo alikwenda kwenye kisiwa cha Kome katika Ziwa Victoria, huko akasoma kijitabu cha mhubiri mmoja Mhindi, akatubu. Aliporudi Mengo alisimama mbele ya waumini, akakiri upungufu wake. Kukiri huko kuliwagusa watu wengi kuliko hotuba zake zote za awali. Basi tuone: hata yule aliyelitafsiri neno alihitaji kuzaliwa nalo. Kulishika kwa mkono si sawa na kushikwa nalo.

Pilkington alikufa mwezi wa Desemba mwaka 1897 katika nchi ya Busoga, huko Luba, mashariki ya Jinja. Alipigwa risasi wakati wa maasi ya askari wa Kisudani waliokuwa katika jeshi la Waingereza. Wasomaji wetu walio askari watapenda kujua chanzo cha maasi yale. Askari wale walikuwa wamechoshwa na safari zisizokwisha, na mishahara yao ilikuwa midogo na ikichelewa. Nalitaja jambo hili kwa makusudi. Maandiko yanapomwambia askari aridhike na mshahara wake, hayampi ruhusa mkubwa kuuzuia mshahara huo. Waraka wa Yakobo, sura ya tano, unamwonya vikali tajiri anayeshika ujira wa mfanyakazi. Neno hukata pande zote mbili.

Hata mji wetu wa Mbale haukuachwa. Mwanzilishi wake, Semei Kakungulu, alikuwa mtu wa vita. Aliongoza majeshi, akaitawala nchi hii, na baadaye akawa mkuu wa baraza la Busoga kule Jinja. Mwishoni mwa maisha yake aliacha upanga akashika kitabu, akakisoma mwenyewe bila ya kuongozwa na mtu. Mwaka 1919 akatoka katika Ukristo, akafuata torati ya Musa, na jamii ya Abayudaya aliyoianzisha ingali hai hapa Nabugoye. Mkristo hatakubaliana na uamuzi wake, lakini hakuna awezaye kusema kwamba mtu yule alisoma kwa mchezo.

WATUMISHI WA SERIKALI WALIOAMKA

Ule uamsho mkubwa wa Afrika Mashariki, ambao watu wake huitwa Balokole, yaani waliookoka, ulianza kwa watu wa kawaida. Mmoja wao, Simeoni Nsibambi, alihudumu katika kikosi cha matibabu wakati wa vita ya 1914 hadi 1918, kisha akawa mtumishi wa idara ya afya. Mwezi wa Septemba mwaka 1929, juu ya kilima cha Namirembe, alikutana na daktari Mwingereza Joe Church aliyekuwa akifanya kazi Gahini katika Rwanda. Hawakufanya mkutano wa hadhara. Waliketi wawili, mweusi na mweupe, katika siku zile ambazo jambo hilo lilikuwa nadra, wakafungua Biblia wakasoma na kuomba. Kutokana na kusoma kule moto ulienea Rwanda, Uganda, Kenya, Tanganyika na kwingineko.

Wazee waliouona uamsho huo hawakumbuki hasa nyimbo zake. Hukumbuka vitu vilivyorudishwa. Watumishi walirudisha vijiko na mashuka waliyoiba kwa mabwana wao. Watu walikwenda kwa maadui zao kuomba radhi. Festo Kivengere, aliyekuwa mwalimu wa shule kule Kigezi na baadaye Askofu, alipanda baiskeli akaenda maili nyingi kumwomba radhi mzungu mmoja ambaye alikuwa akimchukia. Yeye hakuwa ameiba kitu, alirudisha chuki.

Mwalimu mwingine alikuwa Janani Luwum wa Mucwini katika Acholi. Aliokoka tarehe 6 Januari 1948, na mwaka uliofuata aliingia chuo cha uchungaji cha Buwalasi, si mbali na Mbale yetu. Mwaka 1974 akawa Askofu Mkuu. Usiku wa kuamkia tarehe 5 Februari 1977, askari wenye bunduki walivamia nyumba yake wakitafuta silaha. Hawakuzipata. Aliwaeleza kwamba nyumba ile ilikuwa ya sala, na kwamba wao humwombea Rais na kuviombea vikosi vya usalama. Siku kumi na moja baadaye, tarehe 16 Februari, aliuawa, pamoja na mawaziri wawili, Erinayo Oryema, aliyepata kuwa mkuu wa Polisi wa Uganda, na Charles Oboth Ofumbi. Tangu mwaka 2015 tarehe hiyo ni sikukuu ya taifa. Mtu anayewaombea wanaomwelekezea bunduki hakulipata jambo hilo shuleni, wala katika chuo cha ualimu. Nami nina cheti cha ualimu, najua yaliyofundishwa.

NENO KWA MWENYE SARE

Ndugu askari, je, wajua kwamba Maandiko yanakutaja? Katika Injili ya Luka, sura ya tatu, watu walimjia Yohana Mbatizaji wakitaka kujua la kufanya ili toba yao iwe ya kweli. Walikuja watoza ushuru, na askari nao wakaja. Yohana hakuwaambia waache jeshi. Hakuwaambia wavue sare waende jangwani kula nzige. Aliwakataza kumpokonya mtu mali yake kwa vitisho, akawakataza kumzulia mtu kosa asilolitenda, akawataka waridhike na ujira waliopangiwa. Mambo matatu tu, na yote matatu yanahusu raia aliye mbele ya askari.

Katika Matendo ya Mitume, sura ya kumi, yumo Kornelio, ofisa wa jeshi la Kirumi, aliyeiita jamaa yake yote na rafiki zake wakusanyike nyumbani kulisikia neno. Katika sura ya nane yumo mtumishi mkubwa wa hazina ya Ethiopia, aliyekuwa akisoma njiani ndani ya gari lake, naye hakuona haya kukiri kwamba haelewi na kwamba ahitaji mtu wa kumweleza. Na katika sura ya kumi na sita yumo askari wa gereza la Filipi. Usiku ule ule alipoliamini neno, jambo la kwanza alilofanya ni kuchukua maji akaosha majeraha ya wafungwa waliopigwa, ambao yeye mwenyewe alikuwa amewafunga miguu. Hakungoja Jumapili. Palipokuwa na jeraha, pale ndipo alipoanza.

HABARI YA MZEE JIRANI

Sasa nitawaeleza habari ya jirani yangu mmoja, kwa ruhusa yake, bila ya kumtaja jina. Ni mzee wa zaidi ya miaka sabini. Ujanani alikuwa askari. Jioni huketi barazani akiutazama mlima wa Wanale, na mjukuu wake, msichana wa darasa la sita, humsomea kwa sauti ili ajizoeze kusoma. Siku moja msichana alikuwa akisoma Luka sura ya tatu. Alipofika kwenye habari ya askari, mzee alimwambia asimame. Kisha akamwambia asome tena. Kisha akaingia ndani, na chakula hakukila.

Siku ya tatu alinijia. "Mwalimu," akasema, "wewe umesomea kufundisha. Niambie: neno lile liliandikwa kwa askari wa zamani zile tu, au kwa askari yeyote?"

Nikamjibu, "Mzee wangu, mimi sioni kwamba limetaja namba ya kikosi."

Akasema, "Basi limenipata."

Ndipo akanieleza. Mwaka 1975 baridi kali iliharibu mikahawa ya Brazil, bei ya kahawa ikapanda duniani kote, na mwaka 1976 magendo ya kahawa yalipamba moto katika milima hii, watu wakivusha magunia hadi Chepkube upande wa Kenya. Yeye alikuwa kijana mwenye sare mpya. Usiku mmoja, njiani, alimkamata kijana mwenzake akiwa na baiskeli na gunia la kahawa. Hakumpeleka kituoni. Alimtisha, akamfukuza, akauza baiskeli na kahawa, na kwa fedha zile akanunua mabati ya nyumba yake ya kwanza. Kijana yule alimfahamu. Kwa miaka mingi alimwona katika soko la Mbale, na kila alipomwona alipita upande wa pili.

Alimweleza mkewe mbele yangu. Mama yule alitazama juu, akauliza, "Baba watoto, mabati haya yaliyo juu ya vichwa vyetu ndiyo hayo?"

"Ndiyo hayo."

Akanyamaza kitambo. Kisha akasema, "Tumelea watoto sita chini yake. Nitawaambia nini?"

Mzee hakuwa na jibu, wala mimi. Mama alilia usiku ule. Asubuhi yeye ndiye aliyesema kwamba mtamba auzwe.

Tulikwenda watatu, mzee na mkewe na mimi niwe shahidi, hadi kijiji kimoja katika miteremko. Mwenye haki yake sasa naye ni mzee mwenye mvi. Alitukaribisha, akatupa viti, akasikiliza hadi mwisho. Jirani yangu aliweka bahasha mezani. Mwenyeji hakuigusa. Akasema, "Kahawa ile haikuwa yangu. Ilikuwa ya baba yangu. Nilimwambia nimenyang'anywa, hakusadiki. Alikufa akiamini kwamba niliiuza nikala fedha. Ndugu zangu wanaamini hivyo hadi leo."

Ndugu msomaji, hapo nilifahamu kwamba tulikuwa tumekuja kulipa deni dogo, na deni kubwa hatukulijua. Thamani ya gunia aweza mtu kuipiga hesabu. Thamani ya jina la mwana mbele ya baba yake aliyekwisha kufa, nani awezaye kuihesabu?

Mwenyeji akasema, "Kama umekuja kweli, ngoja niwaite ndugu zangu. Uyaseme mbele yao." Wakaja, wazee wanne na vijana wao. Jirani yangu alisimama uani, kofia mkononi, akayasema yote kwa sauti, tangu baiskeli hata mabati. Nilimwona mkewe akitetemeka. Hakuna aliyemkatiza. Alipomaliza, mwenyeji alizihesabu fedha akazipokea. Juu ya msamaha alisema apewe siku afikiri.

Majuma matatu baadaye kijana mmoja alileta mkungu wa ndizi mlangoni kwa jirani yangu. Alisema ametumwa na babu yake, akaondoka. Hakuleta salamu wala neno lingine. Mzee aliutazama mkungu ule kwa muda mrefu. Mkewe aliumenya, tukala wote, na mimi nikiwamo.

NA MIMI JE?

Mwenye kuandika habari za wengine hana budi kujitazama. Yakobo, katika sura yake ya kwanza, amfananisha msikiaji wa neno asiyelitenda na mtu aliyejitazama kiooni akaondoka akasahau sura yake. Askari ajuaye kukaguliwa gwaridani aelewa: kioo hakikusaidii kama uliona kifungo kimekatika ukatoka vivyo hivyo.

Nilipotoka katika kijiji kile nilikumbuka safari moja ya kikazi. Nililala usiku mmoja nikadai posho ya siku mbili. Ni fedha kidogo, na wengi hufanya, na hakuna aliyeniuliza. Nilizirudisha. Mhasibu aliduwaa. Alipekua vitabu vyake akasema kwamba zipo fomu za kuomba fedha za namna zote, bali fomu ya kurudisha hajapata kuiona, na kwamba hajui aziandike chini ya kifungu gani. Tulicheka, lakini nilitoka na stakabadhi mfukoni, na usiku ule nililala vizuri.

JINSI YA KUANZA NYUMBANI

Wasomaji kadhaa huuliza waanzie wapi. Haya ndiyo mashauri yangu, kwa unyenyekevu.

Kwanza, someni kwa sauti, nyumbani, katika lugha ambayo hata mtoto mdogo na bibi aliye kikongwe wanaielewa. Injili ya Marko ndiyo fupi kuliko zote. Ina sura kumi na sita, na sura moja kila jioni huimaliza katika muda wa majuma mawili na siku mbili. Mpeni mtoto asome. Neno lilimfikia mzee jirani kwa kinywa cha mjukuu.

Pili, mkimaliza kusoma, kila mtu ajiulize maswali matatu: Neno hili lasema nini? Lanigusa wapi? Nifanye nini kabla ya kesho jioni? Swali la tatu ndilo gumu, na ndilo lizaalo.

Tatu, kama kuna deni la kulipa, ambia mwenzi wako kwanza. Kurudisha mali kwaweza kuigusa sufuria ya nyumbani, na si haki mke au mume ashtukie jambo hilo barazani. Nenda na shahidi mwenye busara. Usiende kujisifu, wala usidai msamaha kana kwamba umeununua. Msamaha ni mali ya aliyedhulumiwa.

Nne, jihadhari na wale wanaofanya kuzaliwa upya kuwa biashara. Yeyote anayekuambia uuze shamba la watoto umletee yeye fedha, huyo hakukutumia neno la Yohana Mbatizaji. Zakayo, katika Luka sura ya kumi na tisa, aliahidi kuwapa maskini nusu ya mali yake, na kuwarudishia mara nne wale aliowadhulumu. Haikuandikwa kwamba alimkabidhi mhubiri mfuko.

Tano, usiache kazi yako. Zamu yako ni mahali pako pa kuota. Raia anayesimamishwa usiku katika kizuizi cha barabarani, akamkuta askari asiyedai chochote ila kitambulisho, amesoma sura nzima ya Injili bila ya kufungua kitabu.

Kwa ndugu zangu Waislamu wanaosoma ukurasa huu, nanyi mwajua kwamba katika dini yenu toba haitimii mpaka haki ya mtu irudishwe kwa mwenyewe. Hapo tunaweza kushikana mikono, kila mtu akiwa katika imani yake.

Basi, ndugu msomaji, ukisikia mtu anasema amezaliwa mara ya pili, usimdhihaki wala usimpigie makofi upesi. Mwombee, kisha sikiliza kama mtoto amelia. Na kama mtu huyo ni wewe, usiogope njia ya kwenda mlimani, hata kama ni ndefu, hata kama mkononi una bahasha ndogo na deni ni kubwa.

Mungu aziangalie nyumba zenu na zamu zenu. Hadi juma lijalo, kwaherini.